Kabla hujaandika N: kwa mhandisi anayeanza saiti

Kanuni ya SPT, kipimo cha ugumu wa udongo kwa kupigilia bomba la sampuli chini ya shimo, utaikariri jioni moja. Nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa kutoka milimita 760. Unahesabu mapigo ya kuzamisha bomba kila milimita 150, mara tatu; hesabu ya kwanza unaiacha, mbili za mwisho unazijumlisha. Hiyo ndiyo N. Shida iko kwenye kamba, na kwenye maji.

Mashine nyingi utakazozikuta bado zinainua nyundo kwa kamba iliyoviringwa kwenye ngoma inayozunguka. ASTM, shirika la viwango la Marekani, hawaruhusu zaidi ya mizunguko miwili na robo. Vijana huongeza wa tatu ili wapumzishe mikono, nyundo inashuka huku imeshikwa, mapigo yanazidi, na udongo laini unaonekana mgumu. Ikifika saa tisa alasiri haipandi hata hiyo 760. Chora mstari wa chaki pale nyundo inapopaswa kufika, kisha simama hapo hapo. Ukiwa kivulini unaandika hadithi za fundi wa kuchimba.

Maji ndiyo yaliyonitia adabu. Tulikuwa kwenye mchanga, bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, maji ya ardhini yako mita moja na nusu tu. Kwenye mita 6 nikapata N ya 4, nikaandika. Mkubwa wangu akauliza kuhusu kesingi, bomba linaloshikilia kuta za shimo: "Maji ndani ya kesingi yalikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Fundi alikuwa ametoa mchanga kwa pupa, maji ya ndani yakashuka, ya nje yakasukuma mchanga ukapanda kutokea chini; tukapima uji. Shimo la pili, hatua chache kando, tulilijaza maji hadi mdomoni muda wote. Kina kile kile, N ikawa 15.

Tangu hapo nashusha futi hadi chini ya shimo kabla ya kila kipimo. Tumechimba mita 6 na futi inasoma 5.7? Safisha tena.

Fundi atanuna, maana analipwa kwa mita, na kwa kweli simlaumu. Muda wa kusafisha shimo uwekewe bei kwenye mkataba mapema. Ukisubiri kubishana naye juani, utashindwa wewe.

Sampuli ni kwa kifupi: lebo iwe kwenye mwili wa bomba, si kwenye kifuniko peke yake. Vifuniko hubadilishana maabara.

Fomu ikikosa nafasi ya kina cha maji na mizunguko ya kamba, andika pembeni, na saa uweke.