Usichomeke hiyo paneli kwenye swichi ya ofisi

Mkuu acha huo waya kwanza. Umeuliza paneli mpya ya HMI (kioo cha opereta) uipe anwani gani ya mtandao ili iisome PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine), na umeuliza aina ya waya, halafu mwishoni ukaandika kwamba vyote utavichomeka kwenye swichi ya ofisi (kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao) "DHCP igawe yenyewe", yaani ruta ivigawie anwani. Hapo ndipo roho yangu iliporuka, maana hilo jambo mimi lilinitokea puani.

Ilikuwa kiwanda cha maziwa. PLC ya mashine ya kupasha ilikuwa 192.168.0.10, paneli 192.168.0.11, maski 255.255.255.0 (yaani ziko mtandao mmoja), zinaongea Modbus TCP (lugha ya mashine kwenye mtandao) poti 502, hazina shida na mtu. Akaja fundi wa waliotuuzia paneli, akasema unganisheni na ruta ya ofisi bosi aone grafu mezani kwake, ruta inajua yenyewe anwani ipi iko wazi. Nikamwamini. Siku umeme umekatika, ofisi ikawashwa kwa jenereta ndogo, mashine zimelala, printa ya uhasibu ikaomba anwani, ruta ikacheki .10 ikaona kimya ikaipa printa. Umeme uliporudi tukawa na .10 mbili, paneli ikiita PLC mara inafika kwa PLC, mara kwa printa.

Namba za joto kwenye paneli zikawa #### zinarudi dakika mbili zinapotea tena, na pale maziwa lazima yafike nyuzi 72 kwa sekunde 15, opereta asipoona namba hawezi kuyapitisha. Tulimwaga maziwa mkuu, ya wafugaji walioamka saa kumi usiku kukamua. Jioni uhasibu wakizima printa kila kitu kinatulia, kwa hiyo wote tukaamini ni joto la mchana, tukafunga feni kwenye kabati, nikabadilisha waya, nikabadilisha swichi, nikaagizisha mpaka paneli nyingine. Siku nne nzima.

Siku ya tano mashine imesimama, nikachomoa waya wa PLC, nikiwa nimeushika mkononi hivi nikapiga pingi 192.168.0.10, yaani kuuliza kama kuna kifaa kwenye anwani hiyo. Ikajibu! Nikaandika arp -a, amri ya kuonyesha anwani ipi imeshikwa na kifaa kipi, MAC (namba ya kifaa ya kiwandani) iliyotoka siyo ile ya kwenye stika ubavuni mwa PLC, tukaanza kuzunguka tukichomoa kifaa kimoja kimoja mpaka chumba cha uhasibu. Nilipompigia yule fundi akanijibu "si ubadilishe ya printa", yaani hakuona kwamba kesho itakuwa laptopu ya mgeni, keshokutwa simu ya mlinzi. Mtu anakuharibia kazi halafu anakujibu kama umemuuliza bei ya nyanya.

Sasa sikia. Kila kifaa cha mashine kipe anwani ya kudumu, iandike kwenye daftari na ubandike stika kwenye kifaa chenyewe kabla waya haujaingia, na vyote vikae kwenye swichi yao peke yao. Kabla ya kuitumia anwani ipigie pingi vitu vyote vikiwa vimewaka, ikijibu ina mwenyewe, tafuta nyingine. Laptopu yako nayo iwekee ya kudumu, mfano .200, usije ukaiandikia ya PLC kwa haraka. Bosi akitaka grafu zake, weka ruta yenye faiawoli (kizuizi cha mtandao) katikati, siyo waya wa moja kwa moja.

PLC yako ina anwani gani sasa hivi, na kuna vifaa vingapi hapo? Weka orodha yote hapa kabla hujachomeka, nitaipitia usiku huu huu.