Anko wa Kasia anajibu: Mtumbwi si ndio unabeba, uzito unanihusu nini?

Barua za safari hii karibu zote ni za mtumbwi na kayaki, vile viboti vyembamba vilivyofunikwa juu, naona watu wameamua kwenda kulala kando ya maji. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana kila mtu anauliza hiyohiyo kwa maneno yake, zilizobaki nimepita nazo haraka.

Shikamoo Anko. Mimi na rafiki yangu tunaenda siku tano na mtumbwi wa watu wawili. Ni maziwa matatu, na katikati kuna vipande viwili vya nchi kavu ambapo lazima tubebe kila kitu, kimoja mita 300 na kingine kilomita nzima. Mwenzangu kila kukicha ananitumia picha ya mzani. Mimi namwambia hatupandi mlima, mtumbwi ndio unabeba, kwa hiyo nataka viti viwili vya kukunja, boksi la barafu, jiko la mafiga mawili na tenti letu la familia. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa Siku Tano)

Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, ingawa hizo picha za mzani kila asubuhi hata mimi zingenichosha.

Majini kweli mtumbwi unabeba na haulalamiki. Ugomvi unaanza mkigusa nchi kavu. Chukua hicho kipande cha kilomita moja. Mkiweza kubeba vyote kwa raundi moja, mmoja mtumbwi mwingine mabegi, mmetembea kilomita moja mmemaliza. Mkishindwa mkapeleka nusu, mkarudi, mkapeleka nusu nyingine, hiyo imeshakuwa kilomita tatu. Raundi tatu ni kilomita tano. Sasa kama kilichowashinda ni boksi la barafu, ujue mmetembea kilomita mbili za ziada kwa ajili ya soda ambayo siku ya pili mchana ni ya moto vilevile.

Wanaosafiri Boundary Waters kule Minnesota, Marekani, maziwa zaidi ya 1,000 yameungana kwa vinjia vya kubebea mitumbwi, wanalijua hili vizuri. Vinjia vyao wanavipima kwa kipimo cha zamani kinaitwa rod, kama mita 5 hivi, yaani karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Mtu akikwambia kinjia ni rod 80 usicheke, ni mita 400, na kuna matope na mizizi. Kule hata vyakula vya makopo na chupa za vinywaji hairuhusiwi kuingia navyo, kwa sababu ya takataka, lakini migongo ya watu nayo imepona humohumo.

Afu kuna mtumbwi wenyewe, hapa ndipo kilo nyingi zimejificha na watu wanahangaika na uzito wa mswaki. Mtumbwi wa Kevlar, yaani nyuzi nyepesi lakini ngumu, wa futi 17 ni kilo 19 au 20 hivi, wa alumini wa urefu huohuo unapita kilo 30. Kama mnakodi, ulizeni uzito kabla ya kuuliza rangi. Kuubeba kwenyewe kuna namna yake: unauinua ukalalia mapaja yako, mkono mmoja unavuka kushika ukingo wa mbali, unausukuma na goti, unazunguka nao mpaka ule mti wa katikati uliochongwa mkao wa shingo unakaa mabegani. Toka hapo dunia yako ni miguu yako na mita tatu za njia. Mbu wanaingia humo chini na wewe, mikono yote imeshika kingo, huna cha kuwafanya. Ukiwa umebeba mtumbwi wa kilo 20 unawavumilia, ukiwa umebeba wa kilo 34 unaanza kumtukana aliyewaza safari.

Na usidhani ziwani uzito haukugusi. Upepo ukiinua mawimbi, kinachowaokoa ni ule ukingo ulio juu ya maji. Watu na mizigo wakiwa ndani usipungue sentimita 15, na mimi ninavyojijua nataka zaidi. Mtumbwi uliojaa unaanza kwa uvivu, unasimama kwa uvivu, na badala ya mtumbwi kulipanda wimbi, wimbi linaingia ndani kusalimia.

Kuna mzee mmoja Mmarekani, George Washington Sears, aliyekuwa anaandika kwa jina la Nessmuk. Mwaka 1883, ana miaka 61, mwili mdogo, kifua kinamsumbua, akapita milima ya Adirondack, jimbo la New York, maili 266 hivi, kama kilomita 428, peke yake. Mtumbwi wake uliitwa Sairy Gamp, ulitengenezwa na J. Henry Rushton, futi 9, na uzito wake ni pauni 10 na nusu, hazifiki hata kilo 5! Wa mbao huo. Sasa wewe kijana mwenye afya zako unataka jiko la mafiga mawili.

Haya, tupunguze. Tenti la familia libaki, linakula kilo 8 au 9 na halipati uwanja wa kutosha kwenye kambi za mwambao, chukueni la watu wawili la kilo 2 na kidogo. Jiko: kale kadude kanakofungwa juu ya mtungi mdogo wa gesi, kenyewe gramu 100 tu, na sufuria moja ya lita moja na nusu. Chakula kikavu, piga gramu 700 kwa mtu kwa siku, siku tano kwa watu wawili kilo 7. Nguo seti mbili tu, ya kulowa na ya kulalia, na ya kulalia haigusi maji hata mvua ije na bibi yake. Kiti nakuruhusu kimoja, kile cha kuegemea kisicho na miguu, mgombanie. Mabegi yote na chakula yakija kama kilo 30 bila mtumbwi, mwenye mtumbwi anabeba na kabegi kadogo, mwingine anabeba lililobaki, raundi moja.

Visivyopunguzwa: kasia la akiba, kamba, dawa za huduma ya kwanza, na mfuko usioingiza maji wa begi la kulalia. Huo mfuko nina kisa nao. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaukunja mdomo mara moja nikabana kifungo. Jioni nalitoa begi la kulalia, limekuwa kama mtoto wa mbwa aliyeangukia kisimani. Unakunja mara tatu, umeshautoa upepo, umeufuta mchanga mdomoni, ndio unabana. Usiku ule nililala nimekaa.

Anko mambo. Nina kayaki ya bahari ya mita tano, nikanunua begi zuri sana la lita 60 lisiloingiza maji, halipiti kwenye mlango wa nyuma. Nimelisukuma mpaka nimelipasua kidogo. Nifanyeje? (Begi Kubwa)

Poa. Kwanza lizibe, afu mpe mwenye mtumbwi. Milango mingi ya kayaki, yaani yale matundu yenye vifuniko ya kupakilia mizigo, ni ya duara na upana wake ni sentimita 24 hivi, begi la lita 60 halipiti hata uliombee. Kayaki inataka mifuko midogo mingi ya lita 5, 8 na 10, na isijazwe mpaka ikawa migumu kama mpira, iache iwe laini ijikunje kwenye kona. Ncha za mbele na nyuma ni nyembamba, huko tupa vitu vyepesi vyenye umbo la soseji: nguo, begi la kulalia, turubai. Nguzo za tenti zitoe kwenye mfuko wake zilale peke yake ubavuni.

Vizito, yaani maji, chakula na gesi, chini kabisa na karibu na kiti, mbele na nyuma yake. Si unaukumbuka ule msemo wa mabaharia, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani? Basi na mzigo nao marejeo yake ni ngamani, chini katikati. Ukizidisha omo, yaani mbele, kayaki inageuka kufuata upepo unakotoka kila ukipumzisha kasia. Ukizidisha tezi, yaani nyuma, inataka kukimbia na upepo na hupati kuirudisha. Nilishawahi kuzunguka rasi moja nikipiga kasia upande mmoja tu kwa saa nzima, kisa chupa za maji nilizisahau zote nyuma.

Juu ya kayaki usifunge begi. Linashika upepo, linainua uzito juu, na ukipinduka linakuzuia kupanda tena. Ramani, kasia la akiba, pampu, basi. Jambo la mwisho, pakia kila kitu nyumbani siku mbili kabla, sebuleni, na si alfajiri ufukweni huku maji yanakupwa na kayaki inabaki juu ya mchanga, maana ikishajaa hamuinyanyui wawili. Beba kayaki tupu mpaka majini, mifuko midogo yote iweke kwenye begi moja kubwa lenye mikono uisogeze kwa mara moja.

Pesa ninayo ya kitu kimoja tu mwaka huu. Kasia jepesi au tenti jepesi? (Mfuko Mmoja)

Kasia. Tenti unalinyanyua mara mbili kwa siku. Kasia la kayaki, ukipiga kwa mwendo wa kawaida wa mapigo 60 kwa dakika, ni mapigo 3,600 kwa saa. Ukitoka kwenye la alumini na plastiki la kilo 1.2 ukaingia kwenye la karboni la gramu 900 umeokoa gramu 300 kila pigo, zidisha mwenyewe, inapita kilo 1,000 ambazo mabega yako hayakunyanyua ndani ya saa moja. Lile la zamani usiuze, ndilo la akiba.

Naomba uniambie ukweli, laifujaketi lazima nilivae muda wote? Linanipa joto na mimi naogelea vizuri tu. Huwa nalikalia, linakuwa laini. (Muogeleaji)

Vaa.

Nilitaka niishie hapo lakini ngoja nikueleze kwa nini, maana waogeleaji wazuri ndio mnaokufa mkiwa mnajiamini. Maji yakiwa ya baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, ukitumbukia ghafla mwili unavuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kuchunguza hili, anafundisha hesabu rahisi ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu inayokusikiliza, na kama saa 1 kabla ya baridi kukupoteza fahamu. Sasa ndani ya hizo dakika 10 wewe unataka ulitafute laifujaketi lililoelea na upepo, ulivae, ufunge vifungo na vidole vimekufa ganzi, afu ndio uanze kuhangaika na mtumbwi. Kulikalia ndio kubaya zaidi, unalibonyeza mpaka linapoteza nguvu ya kuelea. Joto likizidi, chovya kofia majini uvae.

Sina gari, nakaa chumba kimoja, na natamani sana. Nisubiri nipate pa kuweka kayaki? (Chumba Kimoja)

Usisubiri. Kuna viboti vya upepo vinavyoitwa pakirafti, vingi viko kati ya kilo 2 na 4, unakikunja kinakaa kwenye begi la mgongoni na kasia la vipande vinne. Unapanda basi, unatembea, unajaza upepo, unashuka mto, unakunja, unapanda basi lingine kurudi. Ubaya wake, kwenye ziwa lenye upepo kinazunguka kama sinia, mwendo hakuna, ni cha mito na vivuko vifupi zaidi. Na hakitaki moto wa kambi karibu, cheche moja tu unajifunza kubandika kiraka usiku.

Kama unataka kitu kinachokata maji, tafuta kayaki ya kukunja, mifupa ya mbao au alumini na ngozi ya turubai. Ni nzito kidogo na bei yake inauma ila inakaa chini ya kitanda. Na usizidharau, daktari Mjerumani Hannes Lindemann mwaka 1956 alivuka Atlantiki na kayaki ya kukunja ya kampuni ya Klepper, siku 72 peke yake. Nimetaja ili ujue kinaelea, usije ukaniandikia mwakani uko katikati ya bahari.

Anko, tunapiga kasia baharini siku tatu, visiwani hakuna maji ya kunywa. Nina kile kichujio chepesi cha gramu 80, kinatosha? (Chumvi)

Hakitoshi hata kidogo. Kile kinazuia vijidudu na uchafu, chumvi inapita kama haijaona mlango. Itabidi mbebe, na kwenye jua la baharini usipige chini ya lita 4 kwa mtu kwa siku pamoja na kupikia, kwa hiyo siku tatu ni lita 12, ndio kilo 12 hizo, kila mtu na zake. Haina ujanja wa wepesi hapo. Tumia mifuko laini ya lita 2 au 4, sio dumu moja kubwa, kwanza inapita mlangoni, pili mmoja ukitoboka hujapoteza yote. Kunyweni kwanza ya pande zote mbili sawasawa ili kayaki isilalie upande. Na mfuko ukiisha puliza upepo ndani, ufunge, weka kichwani. Mto wa kulalia nao ulishauacha nyumbani, au siyo?