Kabla ya kuuliza megapikseli, uliza nani atatazama

Mteja akija kuulizia kamera, swali lake la kwanza huwa ni megapikseli ngapi. Mimi humrudishia swali: picha hizo atazitazama nani, na akiwa wapi? Katika kazi hii ya kufunga kamera madukani na majumbani hapa Dar es Salaam nimeona kamera nzuri zikilaumiwa bure. Aliyezifunga aliacha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, kwa hiyo picha ileile nzito inakwenda kwenye rekoda, kwenye simu ya mwenye duka, na kwenye simu ya mwanawe aliyeko Muscat. Rekoda inamudu, simu zinakwama, na kesho yake fundi anaambiwa kaleta kamera feki.

Karibu kila kamera ya mtandao inayouzwa Kariakoo siku hizi hutoa mikondo miwili kwa wakati mmoja. Mkondo mkuu ni picha kamili, na mkondo mdogo ni picha hiyohiyo iliyopunguzwa. Kila mmoja una mipangilio yake. Ukishalielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha: mkondo mkuu ni wa rekoda, mkondo mdogo ni wa simu.

Tuanze na rekoda, maana hapo ndipo pesa ya diski inapoteketea. Mkondo wa megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni kama gigabaiti 173, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha, na rekoda inaanza kufuta za zamani. Dukani upotevu hugundulika mara nyingi siku ya kuhesabu mali, mwisho wa mwezi. Picha za siku sita zitamsaidia nini mwenye duka?

Video hubanwa kabla ya kutumwa, na H.264 na H.265 ni njia mbili za kuibana. Hapa ndipo H.265 inapopata kazi. H.264 ilitoka mwaka 2003 na inachezeka karibu kila mahali, H.265 ilitoka 2013, na kwa ubora uleule inaweza kukaribia kutumia nusu ya biti. Kamera ileile ukiishusha hadi megabiti 2 kwa H.265, kamera nne kwa siku 30 zinahitaji kama terabaiti 2.6. Nunua diski ya terabaiti 4 ulale. Lakini kwanza hakikisha rekoda yenyewe inaisoma H.265, hasa kama ni ya mtumba. MJPEG utaiona pia kwenye menyu. Hiyo hupeleka kila fremu, yaani kila picha moja inayounda video, kama picha kamili peke yake, ni nzito mno kwa kazi hii, ipite tu.

Kuna watengenezaji wanaoweka alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina, H.264+ au H.265+. Huo ni ufundi wao wenyewe juu ya kiwango cha kawaida. Kama kamera na rekoda ni za kampuni moja, washa. Ukichanganya kampuni, zima, la sivyo utaona picha zinaruka wakati wa kurudisha nyuma.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni usiku. Giza likiingia picha hujaa chenga, na kodeki, yaani ile njia ya kubana video, huziona chenga zile kama vitu vinavyotembea, kwa hiyo biti zinapanda. Wadudu wanaofuata taa za infraredi na buibui anayetanda mbele ya lenzi huongeza balaa. Ukiacha kiwango cha biti kibadilike chenyewe, wekea kikomo cha juu. Idadi ya fremu nayo ipunguze: fremu 12 hadi 15 kwa sekunde zinatosha kabisa kumwona mtu akitia kitu mfukoni. Fremu kuu, ile inayobeba picha nzima ambayo nyingine huiegemea, ije kila baada ya sekunde mbili hivi. Kwa fremu 15 kwa sekunde, andika 30. Na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, chagua 50 na si 60, vinginevyo taa za tyubu zitafanya picha ipepesuke.

Sasa njia ya kusafirishia. Kamera na rekoda huzungumza kwa RTSP, lugha ya kuamrishia mkondo wa video, kwa kawaida kupitia poti 554, yaani mlango wake wa mtandao. RTSP yenyewe ni kama kondakta, hutoa amri ya kuanza na kusimama, na picha zinasafiri juu ya UDP au TCP, njia mbili za kupeleka pakiti, yaani vipande vya data, kwenye mtandao. UDP haisubiri wala hairudii pakiti iliyopotea. Kwenye waya mzuri inafaa. Kwenye waifai ya ghorofa yenye kuta nene, pakiti zikipotea utaona sura ya mtu imepakwa rangi ya kijivu mpaka fremu kuu nyingine ifike. Badili iwe TCP. Utachelewa kidogo, lakini sura itabaki sura. Ukiweza kuvuta waya, vuta waya.

Unaponunua kamera za kampuni tofauti, dai ONVIF. Ni kiwango cha pamoja kilichoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vielewane. Usiridhike na neno ONVIF kwenye boksi: Profile S ni mkondo wa kawaida, Profile T ndiyo inayobeba H.265. Na kwenye kamera kadhaa ONVIF huwa imezimwa, inataka uiwashe na kuitengenezea jina na nywila yake. Mafundi wengi hupoteza mchana mzima hapo.

Kazi inayonijia sana ni ya watu walio ughaibuni wanaojenga nyumba Kigamboni au Bunju na wanataka kuona kama fundi kweli yuko saiti. Pale hakuna intaneti ya waya, kuna ruta ya laini ya simu na bando. Hesabu ni hii: mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde ukitazamwa saa moja ni megabaiti 900. Kilobiti 256, ambazo zinatosha kuona nani amebeba mfuko wa saruji na anaelekea wapi, ni megabaiti 115 tu. Kwa hiyo mkondo mdogo uwe H.264, fremu 8 au 10, na kurekodi kufanyike kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera. Ukihitaji kipande kamili, unakivuta hichohicho.

Fundi akikwambia afungue poti 554 kwenye ruta ili utazame ukiwa mbali, mkatalie. Kwenye laini ya simu mara nyingi haitafanya kazi, kwa sababu wateja wengi wanashirikishwa anwani moja ya nje. Na inapofanya kazi, picha za RTSP ya kawaida hupita bila kufichwa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na rekoda lukuki zilizoachwa na nywila za kiwandani, zikatumika kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti, hadi tovuti kubwa zikawa hazifunguki. Tumia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kama WireGuard, au programu ya mtengenezaji kama unamwamini, na nywila ibadilishwe siku ileile ya kufunga.

Wanaotaka kutazama kwenye kivinjari wajue kuwa Chrome haifungui RTSP moja kwa moja. Unahitaji programu ya kugeuza katikati, go2rtc kwa mfano, ambayo ni ya bure. Igeuze iwe WebRTC, aina ya mkondo ambao kivinjari huufungua, kama unataka kuona papo hapo. HLS, njia mbadala, hutulia zaidi kwenye mtandao mbovu ila inakuja nyuma kwa sekunde kadhaa.

Mtazamaji wa mwisho ni polisi, na pengine hakimu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii, na katika kuupima mahakama huangalia kumbukumbu ilitengenezwa na kutunzwaje. Kwa hiyo toa nakala mbili kwenye flashi: moja kama rekoda inavyoitoa, pamoja na programu yake ya kuchezea, na nyingine ya MP4 ya H.264, kwa sababu kompyuta ya kituoni huenda isifungue H.265. Usiitume WhatsApp kama video, itabanwa na sura zitapotea. Itume kama dokumenti. Saa ya rekoda iungwe na NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kwenye saa za Afrika Mashariki, na kipengele cha kubadilisha saa za kiangazi kizimwe. Nakala itolewe siku hiyohiyo tukio linapogundulika, maana diski haimsubiri mpelelezi.