Maswali ya Wasomaji: Kuongoza Opera ya Baroki Ukiwa Kwenye Kinanda

SWALI: Napiga kinanda cha kwaya kanisani na noti nasoma vizuri. Mwakani naenda Ujerumani kusomea muziki, na ninachotaka hasa ni kuongoza opera za zamani za enzi ya Baroki (takriban 1600 hadi 1750), za akina Handel na Monteverdi. Nichukue kozi ya kuongoza okestra au nibaki na kinanda? – *Mpiga kinanda, Morogoro*

JIBU: Baki na kinanda, ila uhamie kwenye hapsikodi, kinanda cha zamani chenye nyuzi. Handel aliongoza opera zake London akiwa ameketi kwenye hapsikodi, na mpaka leo mlango huo ndio ulio wazi zaidi. Emmanuelle Haïm, kiongozi wa opera hizi, alipiga hapsikodi katika kundi la William Christie, Les Arts Florissants, kabla ya kuanzisha lake mwaka 2000. René Jacobs, kiongozi mwingine, alitokea kwenye uimbaji, lakini wewe vidole unavyo tayari.

Kazi ya kwanza huwa ya mpiga kinanda wa mazoezi. Unapewa mstari wa besi wenye tarakimu zinazoonyesha noti za kuweka juu yake, mkono wa kulia unazijaza papo hapo. Besi ikiwa Do bila tarakimu, weka Mi na So. Ikiandikwa 6, ondoa So uweke La. Besi ya So yenye 7 inataka Ti, Re na Fa; yenye 4 3 inataka Do ishuke kwenye Ti. Fanya hivyo kila siku katika funguo zote, bila kuandika chochote.

Wengi hukwama kwenye resitativo, pale mwimbaji anapozungumza kwa kuimba. Mgeni huhesabu mapigo kama yuko kwenye wimbo wa maandamano, na mwimbaji anabaki kumsubiri. Jifunze Kiitaliano, yasome maneno kwa sauti bila kuimba, kisha noti zako ziangukie silabi yenye mkazo. Hapsikodi hukwanyua nyuzi, haizigongi, kwa hiyo kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti. Kinachoongeza ni idadi ya noti: tatu kwa maneno ya siri, sita hadi nane kwa hasira, zote kwa mkupuo. Penye kilio zitandaze polepole kuanzia chini. Na usipige melodia ya mwimbaji juu yake, hakuna atakayekushukuru.

SWALI: Rekodi za opera hizi ziko chini ya kinanda changu kwa nusu toni. Kinanda kibovu? – *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kizima kabisa. Kinanda chako kina La ya hezi 440. Makundi mengi ya Baroki hutumia 415, na kwa opera za Kifaransa mara nyingi 392, yaani toni nzima chini. Kama ni kinanda cha umeme, shusha kwa kitufe hatua moja au mbili ufanye mazoezi pamoja na rekodi.

Hapsikodi nyingi za kisasa zina kibao kinachosogea pembeni kutoka 415 kwenda 440. Ukishakisogeza, tuni upya: nafasi kati ya noti hazikuwekwa sawasawa, hivyo funguo zilizokuwa tamu zinakuwa chungu. Kwenye jumba la opera adui ni joto la taa. Tuni taa zikiwa zimeshawaka, na mapumziko yakifika rudi na ufunguo wako wa kutunia, uanze na oktava za katikati.

SWALI: Mikono ikiwa kazini, unaongoza kwa nini? – *Mwanakwaya, Nakuru*

JIBU: Kwa kichwa na pumzi. Kifuniko cha hapsikodi huondolewa na mkia wake kuelekezwa jukwaani, ili uwaone waimbaji. Mpiga chelo hukaa karibu kiasi cha kusoma besi kwenye kitabu chako. Vuta pumzi kabla ya kila besi mpya, naye ataingia nawe. Kwenye aria, yaani wimbo kamili wa mwimbaji mmoja, okestra ikibeba wimbo, acha kupiga uongoze kwa mkono. Mwimbaji akipotewa na maneno, rudi kwenye vibonye haraka umpe noti yake.