Mbwa Msituni: Kinyesi Kiende Wapi?

SWALI: Humpeleka mbwa wetu kutembea msitu wa Karura, na mwezi ujao tunapiga kambi kwenye shamba la mtu huko Naivasha. Mifuko ya plastiki imekatazwa. Nizoe kinyesi kwa kutumia nini? Na kikiachwa kichakani, si kitaoza kiwe mbolea? (Msomaji, Kiambu)

JIBU: Kitaoza, ila mayai ya minyoo yatabaki. Mayai ya Toxocara, mnyoo wa kawaida wa mbwa, hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni ili yakomae, kisha huweza kuishi miaka. Kwa hiyo ukizoa papo hapo unayaondoa kabla hayajamfikia mtoto anayechezea udongo. Mayai ya tegu aina ya Echinococcus huambukiza tangu yanapotoka, basi usiguse kwa mkono mtupu.

Kenya ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi misituni wala mbugani. Tumia gazeti, mfuko wa kaki wa kilo moja, na kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana. Tia konzi ya vumbi la mbao ndani ya kopo linyonye unyevu.

Kunja ukurasa wa gazeti upate tabaka nne, funika kinyesi, kishike kwa juu, tumbukiza mfukoni, kunja mdomo wa mfuko mara mbili, weka koponi. Tabaka moja hulowa na kupasuka mkononi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kikiwa cha majimaji, kimwagie udongo mkavu, subiri dakika moja, kisha chota kwa kadibodi pamoja na udongo wa chini yake.

Tafadhali usiache mfuko njiani ukisema utauchukua wakati wa kurudi. Kima wa Karura huuchana, na mvua humalizia kwa kuusukuma mtoni.

Nyumbani, tupa vyote kwenye choo cha shimo. Choo cha kuvuta maji kipewe kinyesi peke yake, kwani gazeti huziba bomba. Usikitie kwenye mboji ya mboga: lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua mayai.

Kambini, muulize kwanza mwenye shamba. Akiruhusu kufukia, chimba sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka ziwani, njiani na kwenye mahema. Usichome, kwani kinyesi kibichi hakiungui, na nyasi kavu zitashika moto. Mbuga ya Hell's Gate iko jirani, lakini mbwa haruhusiwi kuingia humo.

SWALI: Mbwa akinywa dawa ya minyoo, bado kuna haja ya kuzoa? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ipo. Dawa huua minyoo iliyomo siku hiyo. Kesho yake anaweza kuambukizwa tena. Mpe kila miezi mitatu, na daktari wa mifugo ahakikishe ina praziquantel kwa ajili ya tegu. Usimlishe maini wala mapafu mabichi, maana tegu wa Echinococcus humwingia kwa njia hiyo. Wala dawa hiyo haigusi virusi vya parvo vinavyoharisha mbwa, ambavyo hutoka na kinyesi na kudumu udongoni kwa miezi. Siku tatu za kwanza baada ya dawa zoa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu minyoo inayotoka bado imebeba mayai.