Eko ya moyo ni safi lakini mtoto bado anapumua kwa mlio: kwa nini ameandikiwa CT scan

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa miezi saba, anayepumua kwa mlio tangu azaliwe, anayezidiwa wakati wa kunyonya na asiyepata nafuu kwa dawa za pumu, ameandikiwa bariamu (eksirei anayopigwa mtoto akimeza dawa nyeupe) na CT scan (picha za ndani ya mwili kwa tabaka) ilhali eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, haikuonesha tatizo. Kazi yangu ni upigaji picha za mionzi hospitalini, na watoto wa namna hii nimewapokea.

Daktari anatafuta mpangilio wa mishipa mikubwa itokayo moyoni, wala si ugonjwa wa moyo wenyewe. Mimba inapokua, aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, huwa na matao mawili, kisha la kulia hutoweka na la kushoto hubaki. Yakibaki yote mawili, hulizingira bomba la hewa pamoja na umio (njia ya chakula) kama pete na kuvibana. Pete hutokea pia tao linapobaki kulia na mshipa wa mkono wa kushoto ukapita nyuma ya umio. Hapo kinachoifunga pete ni kano iliyokuwa mshipa wa damu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Eko huonesha vyema damu inayotembea, lakini kano hiyo, au kipande cha tao kilichoziba, hakina damu ndani yake, na mawimbi ya sauti hayapenyi hewa. Kwa hiyo eko safi inakuhakikishia vyumba na valvu za moyo, haiondoi uwezekano wa pete.

Omba eksirei ya kifua iliyokwisha kupigwa itazamwe upya. Kwa kawaida tao la kushoto hulisukuma bomba la hewa kidogo kuelekea kulia. Likionekana limesukumwa kushoto, au limebanwa, shaka huongezeka. Picha ya ubavuni huagizwa mara chache mno, ingawa mara nyingi ndiyo inayoonesha bomba likiwa jembamba.

Kwenye bariamu, pete huacha alama ya kubonyea nyuma ya umio. Alama ikiwa mbele, kati ya umio na bomba la hewa, hushukiwa ateri ya pafu la kushoto iliyopita njia isiyo yake, na watoto hao huweza pia kuwa na bomba la hewa jembamba kwa kuumbwa, jambo linalohitaji kuchunguzwa kwa kamera. Kwa maoni yangu, CT ikipatikana mapema bariamu haiongezi mengi. Vikifanyika vyote, visipangwe siku moja, kwa kuwa masalia ya bariamu huharibu picha za CT.

CT hutumia mionzi na dawa ya mshipani, lakini upigaji wenyewe ni wa sekunde chache, na kwenye mashine mpya watoto wengi wachanga hupigwa bila dawa ya usingizi, wakiwa wamefungwa vizuri katika khanga. MRI, yaani picha za sumaku, haina mionzi, ila huchukua muda mrefu na kwa umri huu mara nyingi hudai usingizi, ambao kwa mtoto mwenye njia nyembamba ya hewa ni hatari ya pekee. Uliza kama kiasi cha mionzi kitapangwa kwa uzito wake, na, yakiwa matao ni mawili, kama ripoti itataja lililo dogo, kwa sababu hilo ndilo ambalo daktari wa upasuaji hulikata.

Akibadilika rangi kuwa bluu au akiacha kupumua wakati wa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kipimo.