Aibu ya Kudai Hela Yako

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji. Jina lake linabaki kwangu, ila maneno yake nayaweka hapa kama yalivyo: "Dada, nina kiofisi changu cha ushonaji, huu ni mwaka wa pili. Kazi zipo, siku nyingine nafunga saa sita usiku. Lakini nikifungua droo hakuna kitu. Mafundi wananidai, mwenye fremu ananidai, na mimi nadai watu kumi na wanne. Nakosea wapi?"

Nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliusoma kama mshauri, kalamu mkononi. Mara ya tatu niliweka kalamu chini, maana ilikuwa kama nasoma barua niliyojiandikia mwenyewe miaka sita iliyopita nikasahau kuituma. Tofauti yetu ni ndogo: mimi nilikuwa nadai kumi na tisa, na mmoja wao hakuwa mtu, ilikuwa kampuni.

Mdogo wangu, tatizo lako haliko kwenye cherehani. Unaona aibu. Wengi mnaosoma hapa mmeshafungua kitu chenu au mko mbioni kufungua, na kila siku mnaniuliza habari za mtaji. Mimi nimeona biashara zenye mtaji zikifa huku wateja wamejaa mlangoni, kwa sababu mwenyewe hawezi kumtazama mtu usoni akamwambia, nilipe.

Mwanzo wangu siusimulii. Cherehani moja, meza ya kukatia yenye mguu uliopinda, mwaka mzima wa kubadilisha zipu za watu. Kila aliyeanza ana hadithi ya hivyo na zote zinafanana. Niruke hadi mwaka wa tatu, siku alipoingia afisa manunuzi wa kampuni moja akiwa na sampuli ya sare kwenye mfuko wa nailoni.

Kijana mpole, viatu vinang'aa. Alitaka mashati 240 na suruali 240. Nilipiga hesabu pale pale nyuma ya kipande cha karatasi ya kukatia, nikaona faida ya robo ya bei. Sijawahi kuona namba kama ile kwenye mwandiko wangu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja saa, "Sisi tunalipa siku thelathini baada ya kupokea mzigo."

Nilitaka kumwomba nusu kwanza. Nawaambia ukweli, maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini nikamwona anageuza ukurasa wa daftari lake, na kwenye ukurasa huo nikaona majina ya mafundi wengine. Nikameza. Nikasema, "Haina shida, kaka."

Ilikuwa na shida kubwa, na ilihitaji dakika mbili tu za kuhesabu siku badala ya kuhesabu hela. Kitambaa nilikichukua mali kauli, yaani nilipe baadaye, kwa mzee anayeuza kwa jumla, naye alinipa mwezi mmoja. Vifungo na uzi nililipa taslimu kutoka kwenye droo. Mafundi wa ziada wanne walikuwa wanalipwa kila Jumamosi. Kushona kulichukua wiki tano. Jumlisha hapo siku thelathini za kampuni: siku 65, na hapo ni kama wangelipa bila kuchelewa hata saa moja. Deni la mzee lilikuwa linaiva siku ya 30. Kwa hiyo nilikuwa nimeshaanguka kabla sijatia mkasi kwenye kitambaa cha kwanza, na faida yangu ilikuwa bado inanichekea pale kwenye karatasi. Faida na hela ni vitu viwili. Unaweza kuwa na faida ukakosa ya kununulia uzi.

Hawakulipa siku ya 65. Walilipa mwezi wa tano baada ya kupokea mzigo.

Kati ya hapo na hapo nilikuwa mgeni wa kudumu wa benchi moja la mapokezi, lenye ngozi iliyochanika pembeni. Naijua ile pembe kuliko ninavyoijua meza yangu. Nakala ya ankara yangu ilikunjwa na kukunjuliwa hadi ikawa laini kama leso. Ankara yako iko mezani kwa mhasibu. Mhasibu yuko likizo. Mfumo umebadilika, leta nyingine. Mwenye kusaini amesafiri. Siku moja nilimwona yule kijana wa viatu akitokea mlango wa nyuma, na akaniona kuwa nimemwona, akaongeza mwendo. Nilirudi kiofisini nikapiga pasi mashati ambayo yalikuwa yameshapigwa pasi.

Yule mzee wa jumla alikuja mwenyewe. Ningependa kusema alinifokea, ingekuwa rahisi kwangu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akanyamaza kidogo, akasema, "Binti yangu, na mimi nadaiwa." Basi. Wiki hiyo niliuza cherehani mbili, moja ni ile ya ovaloki niliyokuwa nimeinunua kwa miezi minane ya kujinyima. Mafundi watatu waliondoka, na siwalaumu. Aliyebaki ni mama mmoja mtu mzima, fundi wangu wa kwanza, ambaye jioni alikuwa anazima taa ya upande wake ili kupunguza umeme bila mimi kumwambia.

Hela ilipoingia iliingia kwa vipande viwili, na cha pili kilikuwa pungufu. Walikata kwa ajili ya "mashati saba yenye kasoro". Hayo mashati saba sijawahi kuonyeshwa hadi leo. Mnaweza kusema dada, miaka sita, sahau. Sijasahau.

Lakini makala hii ingekuwa rahisi sana kama ningeishia kuilaumu kampuni. Wakati nimekwama ndipo nilipochukua daftari langu, lile ambalo nusu ni vipimo vya viuno na mabega na nusu ni majina ya wanaodaiwa, nikaanza kujumlisha wale wengine kumi na wanane. Jirani. Binamu wawili. Mwalimu mmoja. Rafiki yangu wa shule ambaye magauni yake matatu nilimpa kwa "utanipa ukipata". Jumla yao ilikaribia nusu ya deni la kampuni. Ile ovaloki isingeuzwa. Na hawa, tofauti na kampuni, sikuwa nimewadai hata siku moja.

Nikaanza na jirani, maana alikuwa karibu. Deni lilikuwa na miezi kumi na moja. Nilizunguka na salamu nyingi, nikauliza habari za watoto mara mbili, mwisho nikatoa. Akashika kichwa. "Jamani, mbona hukuniambia? Mimi nilijua nimeshalipa." Akaingia ndani, akatoka na hela yote, akanihesabia mkononi, akaniomba na radhi. Niliporudi nililia. Watu wakidhani ni furaha, hapana. Ni hasira. Miezi kumi na moja nimekuwa nikipita mlangoni kwake nikitazama chini kama mimi ndiye ninayedaiwa!

Kwa hiyo jibu langu kwako, mdogo wangu, na kwa wengine wote mnaojiona kwenye ujumbe wake: dai. Dai mapema, kabla kazi haijaanza. Kwetu sisi washonaji ni nusu mkononi kabla mkasi haujagusa kitambaa, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kitambaa, na shati la kipimo cha mtu mwingine huwezi kumuuzia yeyote. Mwenye kuchapisha mabango ni hivyo hivyo, mwenye kutengeneza makabati hivyo hivyo. Mteja anayekataa kutoa hata theluthi ameshakwambia jinsi atakavyolipa iliyobaki. Msikilize.

Na andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walimaliza, mimi sina la kuongeza. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kule Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wanavyopaswa kuweka hesabu, akataka wawe na vitabu vitatu: cha kumbukumbu za kila siku, shajara ya kuzipanga kwa tarehe, na leja ya kuweka kila hesabu mahali pake. Zaidi ya miaka mia tano baadaye mimi nilikuwa na kimoja, tena chenye vipimo vya viuno. Huhitaji vitatu. Unahitaji kimoja kisicho na viuno. Andika jina, tarehe ya kuchukua, tarehe aliyoahidi kulipa, na siku hiyo ikifika mtumie ujumbe asubuhi, wa heshima, mstari mmoja. Usisubiri wiki ipite eti usionekane una njaa. Unayo.

Kuna aibu nyingine inayofanana na hii, nayo ni ile ya bei. "Dada, nipunguzie kidogo bwana." Tunapunguza huku tunacheka. Hebu chukua nguo unayoiuza kwa 100, ambayo imekugharimu 70 ukijumlisha kila kitu, kuanzia kitambaa mpaka umeme. Faida yako ni 30. Ukipunguza 10 unadhani umetoa kumi katika mia. Umetoa kumi katika thelathini, theluthi nzima ya chako. Ili urudi kwenye faida ile ile, palipokuwa na nguo mbili sasa inabidi ushone tatu. Ndiyo maana unafunga saa sita usiku, mdogo wangu. Saa za usiku ndizo punguzo ulizogawa mchana.

Na ndugu? Ndugu walipe. Mimi binamu zangu walininunia karibu mwaka, wakasema biashara imenibadilisha. Imenibadilisha kweli. Ukitaka kumpa ndugu zawadi, mpe zawadi, iandike zawadi kwenye daftari, ukijua imetoka kwenye mshahara wako. Hapo najua wengi mtaniuliza, mshahara upi? Ndiyo hivyo. Kama hujilipi kiasi maalumu kila mwezi, basi kila unapofungua droo unakula mtaji na huna habari.

Msidhani haya ni yetu sisi wadogo tusiosoma tu. Usiku mmoja wa zile siku za benchi, usingizi umekata, nilisoma kwamba Uingereza walilazimika kutunga sheria mwaka 1998 ya kumpa mfanyabiashara haki ya kutoza riba anapocheleweshewa malipo na biashara nyingine, asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Umoja wa Ulaya nao mwaka 2011 wakaweka siku 30 kwa taasisi za umma na siku 60 kwa kampuni, labda kama pande mbili zimekubaliana wazi vinginevyo. Nilifarijika kidogo. Watu hawatungi sheria juu ya jambo ambalo halijawauma. Ila nilijua pia kwamba sheria haitakuja kukaa kwenye benchi kwa niaba yangu. Unatakiwa ufungue mdomo wako mwenyewe, na ufungue mapema.

Leo nina cherehani tisa na mafundi sita. Nasema bila kuona haya, maana nimeshaona haya ya kutosha. Yule mama bado yupo, ndiye anayesimamia ukataji, na taa ya upande wake haizimwi na mtu. Mwaka jana kampuni ile ile ilimtuma afisa mwingine, safari hii sare 300. Nikamwambia nusu kwanza. Akacheka, akasema wenzako hawaombi. Nikamwambia, "Sawa, kaka." Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikajifanya nahesabu vifungo kwenye kopo. Nilihesabu mpaka akatoka.

Hakurudi. Sitawadanganya kwamba alirudi kesho yake na bahasha. Niliumia wiki nzima, nikapiga hesabu ya ile faida mara kadhaa kama mtu anayekuna kidonda. Miezi mitatu baadaye niliziona sare zenyewe, zimevaliwa na watu wawili waliokuwa wamesimama mbele yangu kwenye foleni. Kola zilikuwa zimejikunja, na suruali moja pindo limeachia kabisa. Najua si vizuri kufurahia. Nilifurahi.

Wewe anza na mmoja kati ya hao kumi na wanne. Usianze na mkubwa, anza na aliye karibu, ambaye unampita kila siku ukitazama chini. Mwambie kiasi, mwambie tarehe, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi bado huwa natamani kuongeza "lakini kama huna si mbaya". Usiongeze. Halafu niandikie amesemaje.

Naachia hapa, kuna mteja amekaa kwenye kigoda tangu saa nne. Anataka suti mbili kabla ya Ijumaa na amemwambia fundi kwamba atalipa zote siku ya kuchukua. Ngoja nikamsalimie.